Hakuna Anayeleta Utepe

Wateja huja na kitambaa. Huja nacho kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, na kabla salamu hazijaisha kimeshafunuliwa mezani: kitenge cha sare ya harusi, hariri aliyoileta shemeji kutoka Maskati, doti ya kanga ya kumtunza mama. Tangu nianze ushonaji sijapata mteja aliyekuja na utepe. Utepe ni juu ya fundi, pamoja na uzi na sindano, na ukimtajia mtu bei yake anakutazama kana kwamba umemwomba sadaka. Lakini nikiambiwa nieleze nimefanya nini maishani, nitaanzia hapohapo, kwenye kile kipande chembamba ambacho mteja hakukileta, hakukiomba, na akishavaa nguo yake hatakiona.

Kazi nilijifunzia Tanga, Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, kibarazani kwa baba yangu mdogo. Alikuwa fundi wa sare za shule na kanzu, na siku za kukaribia Idi watu walijaa hadi wengine wakasubiri barabarani. Cherehani ilikuwa moja tu, Singer nyeusi ya kukanyaga. Mimi mtoto wa kike nilipokelewa kwa masharti: nifagie, niwashe pasi ya mkaa, nitoe bandi. Kutoa bandi kulinifundisha mengi kuliko baba mdogo alivyodhani. Ukifumua uzi wa kushikizia unaona ni wapi fundi alikuwa na uhakika na ni wapi alikuwa na wasiwasi, maana penye wasiwasi bandi huwa nyingi.

Sare zilizochakaa zilirudishwa kwake zitengenezwe, na hizo ndizo alizonipa nizikague. Nilikuwa nikikimbilia madoa na viraka. Alinizuia.

"Nguo haiozi tumboni, mwanangu. Tazama shingo, tazama kwapa, tazama pindo."

Kweli, shati la mwanafunzi lililofuliwa mwaka mzima kifuani bado lilikuwa zima; kilichokwisha kilikuwa ukingo wa kola na mshono wa bega. Baba mdogo alikuwa na dawa yake. Kila shingo aliizungushia utepe wa kukata mwenyewe, kwa mshazari, na kila bega alilitia kipande cha kulishikilia lisivutike. Mafundi wa barabara ya pili walimcheka kwa kupoteza muda. Wazazi walirudi kwake.

Huo mshazari ndio uliokuwa shule yangu ya kwanza. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu wake, na nyuzi za mshindio zinazoukatiza. Ukikivuta kufuata mtande, kimekaza. Ukikivuta kufuata mshindio, kinalegea kidogo tu. Ukikivuta kona kwa kona, nyuzi zote mbili zinalala upande na kitambaa kinanyooka mkononi. Ndiyo maana utepe uliokatwa wima ukiuzungusha shingoni unafanya mikunjo, na uliokatwa mshazari unazunguka kwa utulivu. Baba mdogo hakuwa na maneno hayo yote. Alinipa mabaki ya popilini na mkasi mbovu akaniambia nikate mpaka nielewe, na kitambaa cha mteja nisikiguse.

Hesabu yake nilikuja kuipata baadaye, na bado naipenda. Chukua kipande cha mraba, inchi 20 kwa 20. Eneo lake ni inchi 400. Ukikata utepe wa upana wa inchi 2, ukaunga vipande vyote, unapata inchi 200 kasoro zile zinazoliwa na maungio, yaani yadi tano na kitu. Shingo ya gauni la kawaida haifiki yadi moja. Kibaki ambacho mwenzako anapangusia mafuta ya cherehani kinamaliza shingo tano. Cha kuangalia ni maungio tu: vipande viwili vinawekwa kwa pembe mraba, mshono upite kwa mshazari, kisha ufunguliwe kwa pasi, ili unene usikusanyike mahali pamoja ukafanya nundu.

Hesabu hiyo ilitufaa sana miaka ya baada ya vita vya Kagera. Waliokuwapo wanakumbuka. Maduka ya serikali ya RTC yalikuwa na rafu na makarani, bidhaa hakuna. Kitambaa kilikuja kwa mgawo, kwa foleni au kwa kujuana, na kilipokuja kutoka viwanda vya Urafiki au Mwatex hakikuja na uzi, wala zipu, wala lastiki. Utepe wa dukani ndio kabisa, tuliusahau. Hapo ndipo nilipomwona baba mdogo akikata kingo za kitambaa, zile mbili za pembeni ambazo kiwanda huzifuma kwa kubana ili kitambaa kisifumuke, akizikunja kwenye kibati cha maziwa ya unga. Kingo hizo hazivutiki. Zilikaa ndani ya mabega ya sare za watoto wa Tanga kwa miaka kadhaa, na sidhani kama kuna mzazi aliyejua. Bukta tulizifunga kiunoni kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo ulikuwa mgumu, ukipata joto unanata, na ole wako upitishe pasi ya mkaa juu yake. Lakini bukta haikudondoka.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na mitumba ikaanza kumiminika. Miaka hiyo ndiyo niliyohamia Dar es Salaam. Nimesikia mara nyingi kwamba mitumba iliwaua mafundi, na silikatai neno hilo: mtu aliyekuwa akija kushonesha shati alianza kulinunua kwa bei ndogo kuliko ya kitambaa chake. Mashati na suruali za kiume tulinyang'anywa. Viwanda navyo vikayumba kimoja baada ya kingine. Ila mimi binafsi mitumba ilinisomesha. Nilikuwa nikienda kwenye marundo ya Ilala kutafuta makoti yaliyochanika, yale yasiyo na mnunuzi, nikayanunua kwa bei ya kutupa nikayafumue.

Ndani ya koti la Ulaya nilimkuta baba mdogo. Begani, chini ya bitana, kulikuwa na utepe mwembamba wa pamba umeshonwa juu ya mshono kuuzuia usivutike. Mbele, pale kola inapogeukia kifuani, kulikuwa na utepe mwingine, na huo nilipoupima kwa futi niliukuta mfupi kidogo kuliko mkunjo unaoushika. Nilidhani umekatwa vibaya. Nilifumua koti la pili, nalo vilevile. Kumbe ufupi ule ndio unaoivuta kola ilalie kifua isibenuke mtu anapoinama. Fulana nazo: ndani, nyuma ya shingo, utepe unatoka bega hadi bega, kwa sababu kitambaa cha kufuma kwa vitanzi hakina adabu, kinafuata uzito wake. Hata zipu, ukiitazama vizuri, ni tepe mbili zilizofungwa meno. Fundi hashoni meno, anashona utepe.

Kariakoo nilikaa muda mrefu, kwenye korido yenye mafundi wengi na jenereta moja. Magauni, vitenge, sare za kitchen party, vijora. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo. Ilikuwa kazi ya mbio, na jina tulilopewa mafundi, la kusema "njoo kesho", tulilistahili. Kilichonitoa kwenye mbio hizo ni mapazia.

Watu walianza kujenga Tegeta, Mbezi, Kigamboni, nyumba zenye madirisha mapana kuliko milango ya nyumba tulizokulia. Pazia la zamani lilikuwa kitambaa chenye pindo la kupitishia waya. Sasa walitaka yale ya kukunjamana juu, na siri ya hayo ni utepe: ule mpana mweupe wenye kamba mbili au tatu ndani yake na vijifuko vya kulabu. Unaushona juu, unafunga kamba upande mmoja, unazivuta kutoka upande wa pili, na kitambaa chote kinajikusanya kwa mikunjo sawasawa. Kushona kwenyewe si kugumu, ila utepe una kingo mbili, na mishono yote miwili lazima ianzie upande uleule. Ukipanda na mmoja ukashuka na mwingine, pazia linajipinda na hakuna pasi itakayolinyoosha. Utepe wa pamba nauloweka na kuukausha kwanza, usije ukasinyaa kwenye ufuaji wa kwanza ukalivuta pazia juu.

Ugumu uko kwa mwenye nyumba. Kila mmoja amepima dirisha na amenunua kitambaa cha upana wa dirisha.

"Mama, hiki hakitoshi. Ili kikunjamane inabidi kiwe mara mbili ya reli, na kikiwa mara mbili na nusu kitapendeza zaidi."

"Fundi, dirisha ni mita tatu, na mimi nimeleta mita tatu. Hizo tatu nyingine unataka kumshonea nani?"

Nilijifunza kutobishana. Nachukua kipande cha utepe wa pazia nilichokwisha kukishonea kitambaa, nakinyoosha mbele yake, kisha navuta kamba. Anakiona kitambaa kikipungua nusu machoni pake. Hapo huondoka kwenda kuongeza, na wengine huondoka moja kwa moja.

Kwenye kazi za nyumbani ndiko nilikokutana na tepe za gundi, na mafundi wenzangu wengine walizidharau kama ujanja wa wasiojua kushona. Mimi sizidharau. Ile ya karatasi niliiona kwa jirani yangu mpaka rangi. Nayo ilizaliwa kwa wapaka rangi: Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, aliitengeneza mwaka 1925 baada ya kuwaona wapaka rangi wa magari wakihangaika kupata mpaka ulionyooka kati ya rangi mbili. Mimi naibandika juu ya kitambaa cha mto nishone kwa kuufuata ukingo wake, mstari ukanyooka bila chaki. Kwenye ngozi bandia ya makochi ni lazima, kwa sababu huwezi kuishikiza kwa pini. Kila tundu la pini linabaki. Na kipande kidogo cha karatasi hiyo chini ya mguu wa cherehani kinaufanya uteleze pale ngozi inapoung'ang'ania. Zipu naishika kwa solotepu mahali pa bandi, nashona pembeni mwake, kisha naibandua. Nasema pembeni: sindano ikipita juu ya gundi itakusanya uchafu na kuruka mishono, na utakaa unaisugua kwa spiriti wakati mteja anasubiri.

Ile ya kupiga pasi, inayoshikisha pindo bila uzi, nina neno nayo. Kijana anayekwenda kwenye usaili saa nne na suruali yake ni ndefu, nitampigia pasi aende, namwombea heri. Lakini ufuaji wetu ni wa kufikicha kwa mikono, nguo ikakamuliwa na kuanikwa juani, na gundi ile hustahimili mara chache tu. Atarudi. Nguo ya mtu atakayeirudisha siihesabu kuwa imeshonwa.

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania, na nikapata kazi ambayo sikuitafuta: mifuko ya vitenge vya mabaki. Kila mtu alianza kushona mifuko, na mingi ilichanika palepale, kwenye mshikio, mnunuzi akiwa na kilo mbili za mchele na nazi. Mshikio wa kitambaa kitupu hauwezi. Niliweka mkanda wa pamba ndani ya kila mshikio, nikaushona kwenye mfuko kwa kisanduku chenye msalaba katikati, ili uzito ugawanywe kwenye mishono mingi badala ya mmoja. Mwaka uliofuata zikaja barakoa, lastiki nyembamba ikawa ya kutafuta kwa tochi, na nikarudi kwenye mshazari: tepe mbili za kufunga kisogoni, za kitambaa kilekile. Wazee walizipenda hizo kuliko za masikioni.

Bei ya utepe nimeacha kuitaja peke yake. Naiingiza kwenye ushonaji na amani inakuwepo. Wasichana ninaowafundisha sasa wanakuja na video kwenye simu, na mmoja wao aliniomba tununue kile kichuma kidogo chenye mdomo mpana na mkia mwembamba: unaingiza kitambaa huku, kinatoka kule kimekunjwa kingo zote mbili, wewe unafuata na pasi. Tulikinunua. Anamaliza yadi kumi wakati mimi bado nakunja ya pili kwa vidole. Kwa popilini na kitenge sina ubishi nacho. Vitambaa vya kanzu vya siku hizi, vyenye utelezi, vinapita ndani yake vikatoka vimekunjika upande mmoja na kuachia upande wa pili, na hapo yeye mwenyewe huniletea mezani kwangu, pamoja na pasi.