Wanawake wa Vitabuni Walivyosema

Enzi zetu za sekondari Mombasa, tamthilia haikusomwa kimyakimya. Mwalimu aligawa nafasi, kila mtu akasimama penye dawati lake na kusoma maneno ya mhusika wake. Wavulana waligombania watawala na matajiri. Sisi wasichana tuliachiwa wake, akina mama na vijakazi, na kazi yetu ilijulikana: kulia, kuomba radhi au kuzozana na mke mwenza.

Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, kilichotoka 1981, kikatuvuruga. Lanina anaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon, wala hambembelezi mtu. Mwenzetu aliyepewa nafasi hiyo aliisoma kwa sauti kali, kidole kikigonga dawati. Mwalimu akamkatiza: "Punguza ukali, binti. Huyu ni mke wa mtu." Akarudia polepole, na madai yale yale ya haki yakasikika kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani. Darasa likaangua kicheko.

Nyumbani niliisoma Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971. Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Regina, mama mtu, anabaki na machozi yake. Unyonge huo wa Regina ndio unaomshtaki Zakaria. Lakini kwenye mtihani tuliandika "Regina ni mvumilivu" tukapata alama, na Lanina tukamsifu kuwa "jasiri kama mwanamume" tukapata alama vilevile.

Mama yangu aliuza nyanya katika soko la Kongowea. Alfajiri, malori yakishusha, alikuwa akimwambia dalali: "Kreti hii imeoza chini. Shusha bei au irudishe." Hakulia, hakuapa. Jioni akitaka jambo kwa baba, alianza mbali, kwa habari za jirani na mafumbo mawili matatu, hadi baba akalitamka mwenyewe. Msibani sauti yake ilikuwa nyingine tena. Mwanamke wa namna hiyo, mwenye ndimi tatu kwa siku moja, sikumkuta kitabuni.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipomsoma Tunu, katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, akikataa kuozwa Ngao Junior, mwana wa mtawala Majoka, mbele ya Majoka mwenyewe, bila kulia.

Anayeunda mhusika wa kike asijiulize wanawake husemaje. Ajiulize huyu anasema na nani, anataka nini, na neno lake litamgharimu nini. Asiyejua hayo ataandika machozi tu.