Simu ya Marekani Sokoni Nakawa

Tulitoka Nakivale na mama, tukapanda basi Mbarara mpaka Kampala, tumebeba simu aliyotutumia kaka yetu kutoka Marekani. Simu nzuri kweli, ila kila laini ya Uganda ilikuwa inaikataa. Laini zenyewe hazikuwa na shida, tangu 2019 mkimbizi anasajili kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au ile barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Pale Nakawa, kando ya barabara ya Jinja, kati ya nyanya na kelele za boda, fundi aliigeuza akasema, "Mama, haijafa hii. Imefungwa." Yaani kampuni iliyoiuza kule iliifunga isikubali mtandao mwingine mpaka deni liishe. Akabonyeza *#06#, zikatoka tarakimu 15, ndiyo namba ya simu yenyewe. Tukamtumia kaka, amalize deni, aombe ifunguliwe. Jirani yake fundi alitaka kuifungua palepale kwa pesa nyingi. Tulikataa, na tulifanya vizuri.

Siku ya tatu ikakubali. Intaneti inakwenda polepole, maana masafa ya Marekani si yote yanatumika hapa. Lakini mama alimpata bibi Bukavu. Alisema "haloo" mara nne kabla ya kuanza kulia.