Nani Anashika Funguo za Seva ya Chama?

Ukishajulikana kwenye jamii kwamba wewe ni "yule mtoto anayejua kompyuta", basi umekwisha. Printa ya shangazi ni yako, simu ya mjomba ni yako, na siku moja chama nacho kinakuita. Mimi nimeitwa hapa London kuiangalia seva ya chama chetu, sanduku lililokaa chini ya meza ya ofisi, kando ya katoni za maji. Mle ndani mna nakala za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, na barua za uhamiaji za familia ambazo hadi leo zinasubiri majibu.

Nilipowaambia wazee nataka kuanzia chini kabisa, kwenye fimwea, mwenyekiti alicheka. "Mwanangu, sisi hela hatuna. Nani atuibie?"

Hela kweli hatuna, mzee. Lakini majina ya watu tunayo, na anwani zao, na siri zao. Mtu aliyetukabidhi karatasi zake ametuwekea amana.

Fimwea ni programu inayokaa kwenye chipu ya ubao mama. Ukibonyeza kitufe, ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya Windows au Linux, na vyote vinavyofuata vinaiamini. Akiingia mtu pale, unaweza kufuta diski nzima ukaanza upya, na yeye bado yumo. Si hadithi za kutishana. Mwaka 2018 watafiti wa ESET walieleza kuhusu LoJax, programu hasidi iliyokutwa imejificha ndani ya fimwea ya mtu aliyeshambuliwa. Mwaka 2023 wakaeleza kuhusu BlackLotus, iliyoweza kuikwepa Secure Boot hata kwenye Windows 11 yenye masasisho yote.

Sasa, kuwaeleza wazee Secure Boot na TPM kwa Kiswahili, hapo ndipo digrii yangu ilipotoa jasho. Nikasema hivi: Secure Boot ni mlinzi wa mlangoni. Kila programu inayotaka kuiwasha mashine inaonyesha saini yake ya kidijitali; isiyotambulika inarudishwa. TPM ni shahidi. Haimzuii mtu, ila inaweka vipimo vya kila kilichopita wakati mashine inawaka. Diski umeifunga kwa usimbaji, na ufunguo wake umeuweka amana kwenye chipu hiyo. Vipimo vikilingana na vile ilivyovizoea, ufunguo unatoka. Visipolingana, hautoki. Mwizi akiichomoa diski akaenda nayo kwake, kaondoka na chuma tu.

Katibu wetu, ambaye sote tunamwita Shangazi, akauliza swali ambalo hata kazini siulizwi: "Na huyo mlinzi, nani kamwajiri?"

Ndiyo penyewe hapo. Mlinzi anafuata orodha ya saini, na orodha ina mwenye ufunguo mkuu, kwa kawaida mtengenezaji wa mashine. Mwaka 2024 watafiti wa Binarly waligundua kwamba mamia ya modeli za kompyuta na seva ziliuzwa zikiwa na ufunguo mkuu wa majaribio, ambao haukupaswa kutoka kiwandani. Jina la ufunguo wenyewe lilionya kwa Kiingereza kwamba usiaminiwe, na siri yake ilishavuja mtandaoni. Mlinzi yupo, kavaa sare, lakini aliye na nakala ya ufunguo ule anaweza kumwamrisha.

Kwa hiyo mipangilio tuliyokubaliana ni hii. Kwanza, sasisha fimwea kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Pili, weka nywila ya msimamizi wa fimwea, zima uwashaji wa kutoka kwenye flashi, kisha washa Secure Boot na TPM. Tatu, ile kompyuta ndogo ndani ya seva inayokuruhusu kuiendesha ukiwa mbali: hiyo iko macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Badilisha nywila iliyokuja nayo, na usiiache wazi kwenye intaneti. Na kabla ya sasisho lolote la fimwea, hakikisha ufunguo wa akiba wa diski umehifadhiwa nje ya mashine. Vipimo vikibadilika, shahidi hajui kama ni mwizi au ni wewe. Usipokuwa na ufunguo huo, karatasi za watu zimekwenda.

Tukafika kwenye nywila. Mwenyekiti akaacha kucheka. "Kwa hiyo tukigombana na wewe, chama kinafungwa?"

Wenzangu, tusikimbilie kusema wazee hawaelewi teknolojia. Alielewa kuliko mimi nilivyoeleza. Ukifunga kila mlango halafu ufunguo ukabaki mfukoni kwa kijana mmoja, hatari haijaondoka, imepata jina la mtu. Nilimjibu, "Umesema kweli, mzee." Nywila na ufunguo wa akiba tukaviandika kwenye karatasi, tukatia kwenye bahasha mbili zilizofungwa: moja kwa Shangazi, moja kwa mweka hazina. Anayefungua bahasha anaandika kwenye daftari siku na sababu, kisha nywila inabadilishwa. Mimi nikiondoka kesho, kazi inaendelea.

Kama msikitini, kanisani au kwenye chama chenu kuna sanduku chini ya meza, uliza maswali matatu kabla hujagusa menyu yoyote. Mna nini mle ndani? Nani anaijua nywila ya fimwea? Na huyo asipokuwepo, nani mwingine? Ukijibiwa "alikuwa anajua yule kijana aliyehamia Birmingham", anzia hapo.