Gunia la Vizibo

Katika miaka ishirini ya uuguzi nimeshona mikono mingi ya mafundi seremala. Mmoja ni wa mwanangu. Alijikata kwa patasi akichonga gogo la mninga uani, na nilipokuwa nikimshona nilimwambia kwamba sikumlipia ada ili aje kuwa mwokota takataka.

Maana hakuishia kwenye mbao. Alianza vizuri, kwa macho yangu: vigoda na miiko, vitu vinavyouzika. Baadaye akaanza kupigilia mabati na misumari yenye kutu kwenye sanamu zake. Siku moja, baada ya harusi kanisani, sisi akina mama tukifagia ukumbi, alijaza gunia zima vizibo vya soda. Nilipolikuta sebuleni nililimwaga kwenye shimo la taka. Hakunijibu neno. Wiki ile ile alihamia kwa fundi wake.

Miezi ikapita. Ndipo binti yangu akanionyesha kwenye simu picha ya kitu kama shuka kubwa ajabu, rangi ya dhahabu na nyekundu, limetundikwa ukutani. Nikasema, kitambaa kizuri. Akacheka. "Mama, hivyo ni vizibo."

Aliyekitengeneza ni El Anatsui, aliyezaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944, akalelewa na jamaa yake mchungaji. Naye alianzia kwenye mbao. Miaka ya 1970 alichukua masinia ya mbao, yale ya kupangia bidhaa sokoni, akayachora kwa chuma cha moto. Mwaka 1975 akaenda kufundisha chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria, na huko akafinyanga vyungu vilivyovunjika, ndiyo, vilivyovunjika kwa makusudi. Mwaka 1980, akiwa Marekani, akaanza kuchonga kwa msumeno wa injini, ule wa kuangushia miti. Aliporudi alichana mbao nyembamba kwa msumeno huo, akaziunguza kwa moto, akazipanga bega kwa bega.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota karibu na Nsukka mfuko wa vizibo vya chupa za pombe. Vilikaa kwake miezi kadhaa kabla hajajua avifanyie nini. (Hapo nilikumbuka gunia langu, lilikaa sebuleni siku mbili tu.) Kisha yeye na wasaidizi wake wakavikunjua, wakavitoboa, wakaviunga kwa waya wa shaba, kimoja kimoja, maelfu. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi nyingine. Nilifagia ukumbi mwenyewe, nikabeba gunia hadi kwa yule fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu."

Alifungua gunia, akachagua kizibo kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba. Akanieleza kwa upole kwamba vya soda ni vigumu, havikunjiki kama vile vya pombe kali ambavyo ni vya alumini. Mimi, mama wa kanisa, nikaapishe baa? Tulicheka mpaka fundi akatoka nje kutazama.

Bado hajarudi nyumbani. Ila alinionyesha samaki wa mninga, urefu wa mkono, nusu ya ubavu wake bado haina magamba. Vizibo vyangu vitaenea hapo, alisema. Kisha akaniuliza kama nimekula.