Kastaafu, Kanunua Gari la Kulala Kimyakimya, Mvua Ikamuumbua kwa Mkewe

Wapo wanaume wakistaafu wananunua shamba, wengine ng'ombe wa maziwa. Mzee mmoja wa Kibongo anayeishi jirani na Seattle, Marekani, baada ya kuendesha basi la abiria zaidi ya miaka 25, yeye kanunua gari la kulala: lina kitanda, jiko, friji, mpaka choo. Mkewe, nesi mstaafu, akaambiwa limepatikana kwa bei ya kutupa. Mama akafurahi, akafunga kanga zake na viungo vya pilau, safari ikaanza.

Ilikuwa Aprili. Huko ni majira ya machipuko, baridi inapungua ila mvua bado haijakata. Mzee alikuwa na hesabu zake: Julai na Agosti kambi zinajaa, Aprili unachagua utakapo. Tena ana ile kadi ya waliofikisha miaka 62. Unalipa dola 80 mara moja tu kwa maisha yako yote, unaingia hifadhi za taifa bure, na kambi nyingi za serikali unalipia nusu bei.

Wakapita Forks, mji ule wa mavampaya wa Twilight. Kama hukujua, mwandishi wake alikuwa anatafuta mahali penye mvua nyingi Marekani, ndipo akaupata. Kutoka hapo ni kama kilomita 50 hadi Hoh, msitu wa mvua ndani ya Hifadhi ya Olympic. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya mita 3, karibu mara tatu ya Dar. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga milima, unamwaga mzigo wote hapo.

Siku ya kwanza, raha tupu. Siku ya pili, kero zikaanza. Ukipika wali ndani, mvuke unageuka matone kwenye vioo, inabidi ufungue tundu la paa huku mvua inanyesha. Sola haioni jua, betri inashuka, na feni ya hita inakula betri hiyohiyo. Jenereta nayo usiku marufuku, kelele. Wakalala na majaketi.

Usiku wa tatu paa likavuja, tena upande wa mto wa mama. Mzee akatoka nje na turubai. Mama akafungua kabati kutafuta kitabu cha maelekezo, akakutana na risiti. Bei haikuwa ya kutupa hata kidogo. Na hela ilichotwa kwenye akaunti ya nyumba yao ya Tanga, ile iliyosimama kwenye lenta mwaka wa nne sasa.

Mzee akarudi ameloa chapachapa.

"Baba watoto, Tanga hatujapaua. Hili nalo linavuja. Umeninunulia nini?"

Kimya. Nje mvua, ndani hatua kumi huna pa kwenda. Sebule ya kukimbilia hakuna, simu haina mtandao, hata dada wa kumlalamikia hapatikani. Hawa ni watu waliozoea zamu, mke usiku, mume alfajiri, miaka nenda rudi wanapishana mlangoni. Hapo hapakuwa na zamu.

Asubuhi mzee akafunguka. Wenzake wawili wa kazini walifariki kabla hawajamaliza mwaka wa kustaafu. Aliogopa. "Nilijua utakataa, mama watoto."

"Ningekataa, ndiyo. Tungegombana wiki nzima. Halafu labda ningekubali. Nafasi hiyo ndiyo umeninyima."

Hapo hakuna cha kuongeza. Sapraizi ni keki, ni maua. Ukichota peke yako akiba ya watu wawili, hiyo ina jina lingine, hata kama nia ilikuwa mapenzi.

Ila mama naye alikubali jambo moja: kila mzee alipotaja kupumzika, jibu lake lilikuwa "nyumba ikiisha." Nyumba haikuisha, nguvu ndizo zilizokuwa zinaisha.

Hawakugeuza gari. Mama akatoa masharti: karatasi zote za gari zikae kwenye mkoba wake, Septemba liuzwe, hela iende Tanga kwenye bati, na pengo litakalobaki, maana gari lililotumika halirudishi bei yake, mzee alizibe kwa pensheni yake mwezi kwa mwezi. La mwisho, afundishwe kuliendesha.

Wakarudi Forks kununua tepu ya kuzibia paa. Mama alikuwa usukanini, na dereva wa miaka 25 kakaa pembeni anakanyaga breki ya hewani kila kona.

Msamaha haujakamilika. Kuna siku mama anaamka ananuna, akikumbuka lenta. Lakini safari inaendelea, na siku hizi kila risiti inasomwa na wawili.

Ungekuwa wewe, ungeshuka Forks ukadandia basi, au ungeshika usukani?