Alfajiri juu ya Le Morne

Wako watu siku hizi hulipa fedha wapandishwe mlima usiku, walione jua likichomoza, kisha wakalishwe ufukoni wafumbe macho. Nami nilikwenda, kisiwani Mauritius, kwenye mlima wa Le Morne Brabant wenye kimo cha mita 556. Kiongozi wetu alituhimiza tusije tukalikosa jua. Nikamwambia mimi nisiyotaka kuikosa ni Sala ya Alfajiri. Akasita, akaweka taa chini, wenzangu wakangoja. Rakaa mbili hazichukui muda.

Jua lilikuwa zuri, Alhamdulillahi.

Lakini kule ufukoni alipotuambia tusifikiri kitu, sikuweza, wala sikutaka. Tafakuri tuliyofunzwa sisi ni ya kufikiri. Mlima ule ulikuwa maficho ya watumwa waliotoroka. Kwa ajili hiyo UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Na watumwa wale walitoka wapi? Wako wa Madagaska, wako wa Msumbiji, na wako wa pwani yetu hii. Mwaka 1776, kisiwa kikiwa cha Wafaransa, Sultani wa Kilwa, Mwislamu mwenzetu, alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa riale 20 kila mmoja. Wafaransa hatuchoki kuwalaumu. Kilwa tunaisifu kwa misikiti yake.

Kivuli cha mlima kilikuwa bado kimelala mchangani. Kiongozi akaniuliza mbona sikufumba macho. Nikamweleza habari ya Kilwa. Hakuwa amepata kuisikia, akaketi tuizungumze.