Vidato vya Baba

Baba yangu alikuwa mgema wa tembo. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nilipokuwa shuleni, kila mwalimu aliponiuliza kazi ya baba, nilijibu "mkulima", na baba alipopata habari hakunikaripia. Alisema tu kwamba hata mnazi ni shamba, ila limesimama wima.

Tuliishi Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, jirani na magofu ya msikiti wa kale na makaburi ambayo wageni huja kuyatazama. Sisi ni Wabondei, Wakristo wa upande wa Muheza. Baba aliteremka pwani kabla sijazaliwa, akakodi minazi kumi na minne katika shamba la mzee mmoja wa Kiislamu. Mzee yule hakuonja tembo maisha yake yote, wala hakumhubiria baba hata siku moja. Watu wakimsengenya alijibu kwamba yeye amekodisha miti, si vibuyu.

Mnazi wa kugema huchongwa vidato, yaani mahali pa kukanyagia mguu, kutoka chini mpaka kileleni. Neno hilohilo ndilo lililochukuliwa na shule zetu za sekondari. Basi mwaka nilioingia kidato cha pili, baba alikuwa akipanda vidato vyake asubuhi na jioni ili mimi nipate sare, nauli na madaftari. Alipanda na kotama kiunoni na kibuyu begani. Kule juu alilifunga karara kabla halijafunguka, akalikata ncha kidogokidogo, na utomvu ukadondoka kibuyuni. Ukiteremshwa mapema ni mtamu kama maji ya miwa. Ukicheleweshwa mpaka adhuhuri umekwisha kuwa tembo lenyewe, lenye povu na nguvu. Ukilala mpaka kesho yake unaelekea kuwa siki. Hakuna anayetia hamira. Hamira imo kibuyuni, imo hewani, imo katika mnazi wenyewe. Kwa wateja waliopenda tembo tamu baba aliosha kibuyu kwa maji ya moto, na kwa waliotaka kali aliacha mashapo ya jana. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake, na mimi kwa muda mrefu sikuiita elimu.

Mwaka 1991 nilikwenda Marekani, nikaishia katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Huko mtu mzima anaruhusiwa kujipikia bia nyumbani, mradi asiiuze. Sheria iliyoruhusu ilitiwa saini mwaka 1978. Mfanyakazi mwenzangu alinifundisha kutengeneza bia iitwayo krimu eli. Msomaji asidanganyike na jina: haina krimu wala maziwa. Ni bia nyepesi, rangi ya majani makavu, iliyobuniwa katika karne ya 19 na Wamarekani waliotaka kushindana na laga za Wajerumani. Kiwanda cha Genesee cha mjini humo kilianza kuuza ya kwake mwaka 1960. Kilichonivuta mimi ni kwamba ndani yake mna mahindi. Unapika uji wa mahindi, unauchanganya na kimea cha shayiri, unaushikilia kwenye joto la nyuzi 65 hivi kwa saa nzima, na uji unageuka mtamu. Mara ya kwanza nilipoonja nilicheka peke yangu, kwa sababu ni jambo lilelile wafanyalo mama zetu wakipika togwa.

Ukisha kuuchuja unauchemsha na hopsi. Hizi ni maua ya mmea utambaao, na kazi yao ni mbili: kutia uchungu unaokata utamu, na kuwazuia baadhi ya vijidudu wanaochachusha bia. Ukizichemsha saa nzima zinatoa uchungu. Ukizitia dakika za mwisho zinatoa harufu. Krimu eli haitaki nyingi. Kwa lita 20 mimi nilitia gramu 20 tu za aina iitwayo Cluster, hopsi ya zamani ya Kimarekani, na mwishoni kiganja kidogo cha Hallertau ya Kijerumani kwa harufu. Wengine humimina hopsi kama wanatia chumvi baharini. Mimi naona bia nyepesi ni kama nguo nyeupe, doa lolote linaonekana. Kisha unaiacha iumuke katika nyuzi 16 hadi 18, halafu unaiweka baridini wiki kadhaa itulie. Chumba changu cha chini ya nyumba kilikuwa na nyuzi 17 miezi yote ya kipupwe, bila mimi kufanya lolote. Nilidhani ni ufundi wangu.

Mwishoni mwa mwaka 2003 niliandikiwa kwamba mgema mmoja, rika la baba, ameanguka. Hakufa, lakini hakutembea tena. Baba alikuwa amekwisha pita miaka sitini na sita, na minazi ile ina urefu wa mita 20. Nilimpigia simu kwa dada nikamsihi aache. Akaniuliza, "Nikiacha nitakula nini, mwanangu? Barua zako?" Lilinichoma, kwa kuwa fedha nilizotuma hazikuwa nyingi wala hazikuwa za kila mwezi. Hapo ndipo nilipopata wazo nililoliona la busara sana. Ningemfundisha baba kutengeneza kinywaji akiwa amesimama chini.

Nilifika Februari 2004 na kilo sita za kimea, pakiti za hamira, na hopsi za aina mbili. Nilichagua Cluster iwe ndiyo nyingi kwa sababu haichakai haraka. Hallertau katika joto hupoteza nguvu na kuanza kunuka. Katika kiwanja kimoja cha ndege afisa wa forodha alifungua pakiti, akanusa, akaniuliza ni kitu gani. Nikafanya kosa la kujitia msomi, nikamweleza kwamba hopsi na bangi ni mimea ya ukoo mmoja. Ni kweli, lakini ukweli huo ulinigharimu saa mbili.

Siku ya kupika, dada alisimamia uji na mimi nikasimamia kipimajoto. Baba aliketi kwenye kigoda akitazama. Alipoonja ule mchuzi mtamu kabla ya hopsi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipoonja baada ya hopsi alitema pembeni, kwa adabu. Nikamwambia uchungu huo ndio ulinzi, kwamba tembo lake halina mlinzi na ndiyo maana halifiki kesho. Akasema, "Linywewe leo."

Sasa, Februari Tongoni si Rochester. Kivulini palikuwa na nyuzi 31, na hamira ikifanya kazi huongeza joto lake yenyewe, hasa siku mbili tatu za mwanzo. Nilizungushia ndoo magunia yaliyoloweshwa maji. Bara, kwenye hewa kavu, magunia yale yangesaidia. Pwani hewa imekwisha kushiba maji, na gunia hukaa limelowa bila kupoza kitu. Nikaja na shauri jingine: tuifunge ndoo vizuri, tuitumbukize kisimani. Baba alinitazama kama asiyenijua. Kisima kile tulichotea sisi na nusu ya kijiji, na mwenyewe ni yule mzee aliyetukodisha minazi.

"Maji yale watu wanatawadhia," akasema. Hakuongeza neno, nami sikurudia.

Bia ilimaliza kuumuka kwa siku tatu badala ya wiki. Ilikuwa na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na chini yake harufu nyingine ambayo dada aliitaja kabla yangu: rangi ya kucha. Joto likizidi, hamira ya nchi za baridi hutoa vitu hivyo. Baba alikunywa kikombe kizima kwa ajili yangu. Halafu akauliza, "Huyo mdudu wako amezaliwa wapi?" Nikamwambia Marekani. Akasema, "Basi umemleta kwenye jua bila kofia." Siku ile usiku alikwenda zake kulala mapema, na alfajiri nilisikia kotama ikinolewa.

Nilirudi Julai 2006, wakati wa kusi, usiku ukishuka mpaka nyuzi 21 au 22. Nilileta hopsi mpya, kwa kuwa pakiti ya Hallertau niliyoiacha ilinuka jibini lililooza. Mwalimu mmoja Mchagga alinishauri nitumie msesewe, gome ambalo kwao hutia uchungu katika mbege. Shauri lilinivutia, kwani ndiyo hopsi ya nyumbani hasa, lakini gome lile ni dawa pia na sikujua vipimo vyake. Niliogopa kumjaribia baba yangu.

Safari hii hamira aliichagua yeye. Alileta mashapo meupe ya kibuyu cha tembo, akayamimina ndooni mwenyewe. Nilimwonya kwamba humo hamna hamira peke yake. Mna na wale wanaoleta uchachu, na wengine miongoni mwao hopsi haziwawezi kabisa, hasa wale wa siki, ambao dawa yao ni kuwanyima hewa. Akaniambia basi nifunge ndoo na niache kuhubiri. Tuliifunga, tukaiweka kwenye shimo la mchanga chini ya sakafu ya banda, na kipimajoto kilisoma nyuzi 25. Mdudu wa hapa hakulalamika. Baada ya siku kumi na mbili tulipata kinywaji cheupecheupe, chenye uchachu kidogo na uchungu kidogo, kisicho na harufu ya rangi. Haikuwa krimu eli. Ilikuwa nzuri. Nasema hivi nikiwa nimeonja krimu eli nyingi.

Jirani wawili walikunywa wakaomba tena. Moyo wangu ulijaa, nikatoa karatasi kuanza hesabu. Baba alingoja nimalize kuandika bei ya kimea, bei ya hopsi, kuni na mahindi, kisha akanyoosha kidole kwenye jumla. Chupa moja ingegharimu kuliko chupa tano za tembo lake, na kimea kingetoka wapi mimi nikiwa Rochester? "Siku kumi na mbili," akasema. "Mnazi hunipa asubuhi na jioni." Nilikuwa nimehesabu nyuzi, gramu na dakika kwa miaka miwili, na hesabu hiyo sikuwa nimeifanya. Kitu alichokihitaji ili ashuke mnazini nilikuwa nacho mfukoni tangu mwanzo, nami nikamletea maua. Tangu mwezi ule nikaanza kutuma fedha kila tarehe mosi. Alizipokea, akashukuru, akaendelea kupanda.

Mara ya tatu nilikuja Januari 2008, jua kali la kaskazi. Asubuhi ya pili nilimfuata shambani, nikamchukulia kibuyu. Baba alifunga kotama kiunoni, akakanyaga kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapo akasimama, mikono imekumbatia shina, paji la uso limegusa gome. Alikaa hivyo kwa muda niliouona mrefu. Kisha akateremka, mguu baada ya mguu, akatafuta ardhi kwa kidole gumba.

"Mnazi una utelezi leo," akasema.

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Nilipapasa shina, likaniachia vumbi viganjani.

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Umelowa."

Akafungua kotama kiunoni, akanikabidhi, tukarudi nyumbani.